Riwaya ya Upelelezi Inapomteka Msomaji: Yatokeayo Mwilini na Akilini

Kiswahili kina maneno mengi ya kumweleza mtu aliyeshikwa na hadithi. Husemwa amezama, ametekwa, amepotelea kitabuni. Na akiitwa asiitike, husemwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Maneno hayo yote yanadokeza jambo moja, kwamba mtu yule yupo na hayupo: mwili uko kitini au kitandani, lakini fahamu zake zimehamia mahali pengine. Mara nyingi mahali hapo ni mji mdogo. Una barabara moja, duka moja, kituo kimoja cha polisi, watu wanaojuana tangu utotoni, na maiti iliyookotwa alfajiri ambayo hakuna anayekubali kuijua habari yake.

Wanasaikolojia wameichunguza hali hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Auke Tellegen na Gilbert Atkinson walichapisha kipimo cha tabia ya kuzama, wakaonyesha kuwa watu hawalingani katika jambo hili: wapo wanaohamia hadithini kwa ukurasa mmoja, na wapo ambao hata kitabu kizuri huwaacha mlangoni. Mwaka 1993 Richard Gerrig alilinganisha usomaji na safari, kwa maana kwamba msomaji huondoka katika ulimwengu wake, hukaa ugenini kwa muda, kisha hurejea akiwa amebadilika kidogo.

Kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa, safari hiyo si burudani peke yake. Mtu aliyezama hushusha ulinzi. Ulinzi ukishuka, maumivu hupungua makali, saa hupita bila kuhesabiwa, na mawazo huingia kichwani bila kuulizwa yanakotoka. Manufaa na madhara ya riwaya ya kusisimua hupitia mlango huo mmoja, na makala haya yanakusudia kuueleza mlango wenyewe.

Wahakiki wa fasihi huiita taharuki ile hamu yenye wasiwasi ya kutaka kujua litakalofuata. Taharuki ina alama zake mwilini. Moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, pumzi hubanwa mpelelezi anapofungua mlango uliokatazwa. Macho nayo hupepesa mara chache kuliko kawaida, na ndiyo sababu msomaji huyahisi makavu, kana kwamba yana mchanga, baada ya kusoma kwa saa mbili mfululizo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Matthew Bezdek waliwaonyesha watu vipande vya filamu za taharuki, zikiwamo za Alfred Hitchcock, huku mashine ikipiga picha za utendaji wa ubongo. Pembezoni mwa filamu waliweka miraba iliyokuwa ikimetameta. Kila taharuki ilipopanda, ubongo ulipunguza kazi ya kupokea yaliyo pembezoni na kuongeza ile ya kupokea yaliyo katikati, kama mtu anayeukaza mwanga wa kurunzi uangaze mahali pamoja tu. Utafiti huo ulihusu macho, lakini kila mwenye mke au mume msomaji atakubali kuwa masikio nayo hayasalimiki.

Wazungu husema kuwa hofu huigandisha damu. Madaktari wa Leiden, Uholanzi, waliupima usemi huo, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwezi Desemba 2015. Vijana 24 wenye afya njema walitazama filamu ya kutisha na, siku nyingine, filamu ya mafunzo isiyotisha. Protini iitwayo faktori ya VIII, ambayo ni miongoni mwa zile zinazosaidia damu kuganda, ilipanda baada ya filamu ya kutisha. Lakini hakukuwa na dalili kwamba damu yenyewe ilianza kuganda. Hatuoni katika matokeo hayo msingi wowote wa kumnyima mgonjwa wa shinikizo la damu riwaya yake. Anachopaswa kuchunga ni saa ya kumeza dawa, kwa maana saa ndiyo ya kwanza kusahaulika.

Jambo la pili linalomshika msomaji ni swali lisilojibiwa. Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha mwaka 1927 majaribio yaliyoonyesha kuwa kazi iliyokatizwa kabla ya kwisha hukumbukwa zaidi kuliko iliyokamilika. Majaribio ya baadaye hayakuafikiana yote na yake. Hata hivyo wahariri wa magazeti yetu hawakuwasubiri wanasayansi wapatane: neno “Itaendelea”, lililochapwa chini ya hadithi pale tu kisu kinapoinuliwa, limeuza nakala nyingi za wiki iliyofuata. Siku hizi neno lilo hilo husomwa kwenye simu usiku wa manane, na sehemu inayofuata haingoji wiki.

Lakini kwa nini mji mdogo? Katika jiji kubwa muuaji aweza kuwa yeyote kati ya mamilioni, nasi hatuna la kufanya ila kumngoja mpelelezi atuambie. Katika kijiji muuaji ni mmoja wa watu kumi au kumi na wawili, na msomaji amekwisha kunywa nao chai. Agatha Christie alilifahamu hilo vizuri. Mwaka 1930 alitoa riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi kizee wa kijiji cha St. Mary Mead, ambaye huyafumbua mauaji kwa kukumbuka tu tabia za majirani zake. Msomaji hufanya kazi ileile ya bibi huyo. Hukisia nani anajua nini, nani anamficha nani, na kwa nini mke wa mchungaji amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kazi hiyo ya kukisia yaliyomo moyoni mwa mwingine ndiyo aifanyayo muuguzi anapomsikiliza mama akieleza kuwa aliteleza bafuni, ilhali mume aliyesimama kando yake anajibu kila swali kwa niaba yake. Hatudai kuwa riwaya humfundisha muuguzi kazi yake. Twasema tu kwamba akili inayotumika ni moja, na kwamba wengi wanaoipenda kazi ya wodini huzipenda pia riwaya hizi.

Uhusiano wa riwaya hizi na tiba ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Arthur Conan Doyle, aliyemwumba Sherlock Holmes, alikuwa daktari aliyesomea Edinburgh, na mhusika wake alimchota kutoka kwa mwalimu wake Joseph Bell, mpasuaji aliyeweza kutaja kazi ya mgonjwa na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Christie mwenyewe alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali ya mji wa kwao, Torquay, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akafaulu mtihani wa utoaji dawa mwaka 1917. Sumu zilizojaa vitabuni mwake alizijua kwa mizani na kwa chupa. Na kwetu, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliyeanzisha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, aliianza kazi yake ya kwanza kama mkaguzi katika idara ya afya, yaani bwana afya, kabla ya kuwa mhariri. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake mwenye shamba anakutwa ameuawa mzimuni, na wenyeji wanaona wazi kwamba mizimu imehusika. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hauoni wazi huo. Anatafuta mtu. Ni vigumu kutokumbuka kwamba mwandishi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitafuta chanzo cha ugonjwa mahali ambapo wenyeji walikwisha kupata jibu lao.

Hapo tumefika kwenye jambo zito. Katika mji mdogo wa riwaya, maiti ikionekana, watu hawaanzi kumshuku tajiri wala mzee wa kanisa. Humshuku kwanza yule aliye pembeni: mgeni aliyehamia mwaka jana, mjane anayeishi peke yake, kijana aliyewahi kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Mwandishi mzuri hulitumia kosa hilo la wanakijiji kama mtego, kisha hulifichua. Mwandishi mvivu hulithibitisha: kurasa 300 za kutafuta, na mwishoni inabainika kwamba muuaji alikuwa “kichaa”, basi, hakuna la kueleza zaidi. Mvivu huyo huwapa wagonjwa wetu hasara ambayo hakuikusudia.

Ushahidi wa hasara hiyo umo katika jaribio moja mashuhuri. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock walichapisha utafiti ambao wasomaji walipewa hadithi ya binti mdogo aliyeuawa kwa kisu katika jengo la maduka, na aliyemwua ni mgonjwa wa akili. Waliozama zaidi katika hadithi ndio waliokubaliana zaidi, baada ya kuisoma, na mawazo yaliyojificha ndani yake, likiwamo kwamba wagonjwa wa akili wazuiwe uhuru wao. Watafiti waliwaomba pia wazungushie duara maneno yoyote yanayosikika kuwa ya uongo. Waliozama walizungushia machache. Linalostaajabisha kuliko yote ni kwamba kuambiwa hadithi ni ya kweli au ya kubuni hakukuleta tofauti. Watafiti wengine, Markus Appel na Tobias Richter, walionyesha mwaka 2007 kuwa mawazo yaliyopenyezwa na hadithi ya kubuni yaweza kuzidi nguvu baada ya majuma mawili, pengine kwa sababu kufikia hapo mtu hukumbuka wazo na kusahau kwamba alilitoa hadithini.

Wahenga wetu walikuwa na dawa ya jambo hili. Bibi hakuanza ngano kabla ya kusema “Paukwa!” na wajukuu kuitika “Pakawa!”, na pwani hadithi hukaribishwa kwa kuuambia uongo uje na utamu ukolee. Ule ulikuwa mlango uliofunguliwa hadharani: sasa tunaingia katika uongo, na wote tumeafikiana. Riwaya iliyochapwa, iliyopambwa kwa majina ya mitaa ya kweli na vituo vya polisi vya kweli, haina “Paukwa”. Msomaji huingia bila kuambiwa kuwa ameingia.

Ukweli wa kitabibu ni kwamba wengi mno wa watu wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu, na wao ndio huwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhuriwa. Mhudumu wa zahanati ya kijijini hukutana na matokeo ya imani iliyo kinyume cha hayo: familia inayomfunga kijana kwa mnyororo, mama anayekataa rufaa kwa hofu ya jina. Katika baadhi ya sehemu za kanda ya ziwa nchini Tanzania, vikongwe wenye macho mekundu, wekundu ambao mara nyingi huletwa na moshi wa kuni wa miaka mingi, wameshukiwa uchawi na wengine wakauawa. Riwaya hazikuianzisha imani hiyo. Lakini hadithi inayomfanya aliye pembeni kuwa mkosaji hupanda mbegu katika shamba lililokwisha kulimwa.

Ulinzi ulioshushwa huingiza pia mafunzo mabaya ya huduma ya kwanza. Elizabeth Marsh na wenzake waliothibitisha mwaka 2003 kwamba watu hujifunza habari za uongo kutoka hadithini hawakushughulika na tiba, lakini mifano ya tiba ni mingi. Katika riwaya mpelelezi hupigwa kichwani kwa kitako cha bastola, huzimia saa tatu, kisha huamka, hujifuta damu na kuendelea na kazi. Mtu aliyezimia kwa saa tatu baada ya kupigwa kichwa ana jeraha kubwa la ubongo na apaswa kuwa hospitalini. Na hata aliyezimia dakika moja akaamka akizungumza vizuri aweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu, akapoteza fahamu tena saa chache baadaye. Katika riwaya kitambaa chenye klorofomu humlaza mtu kabla hajapiga kelele. Kwa kweli dawa hiyo huchukua dakika kadhaa, na aliyezoea kuitumia alikuwa mtaalamu, si mwizi wa dirishani.

Baya kuliko hayo ni sumu. Mhusika aliyelishwa sumu hutapishwa kwa vidole au hunyweshwa maziwa, na akisha kutapika huokoka. Katika nyumba zetu sumu zinazoletwa hospitali kwa wingi si zile za riwaya za Kiingereza. Ni mafuta ya taa ambayo mtoto ameyakuta katika chupa ya soda, na dawa za kuulia wadudu shambani. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hapaswi kutapishwa hata kidogo, kwa sababu yakipanda huingia mapafuni, na hatari yake iko huko mapafuni zaidi kuliko tumboni. Aliyekunywa dawa ya wadudu avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, akimbizwe hospitali pamoja na chupa au pakiti yenyewe, ili daktari asome kilichoandikwa. Anayemsaidia naye ajikinge mikono.

Hata hivyo mlango uingizao uongo huingiza pia ukweli, na tukio la mwaka 1977 latosha kuwa ushahidi. Mtoto mchanga wa mwaka mmoja na nusu hivi aliletwa London kutoka Qatar akiwa nusu ya kupoteza fahamu, na madaktari wa Hospitali ya Hammersmith hawakuweza kuutambua ugonjwa. Muuguzi mmoja wa wodi hiyo alikuwa akiisoma The Pale Horse, riwaya ya Christie ya mwaka 1961, ambayo watu hufa kwa maradhi yanayoonekana kuwa ya kawaida, hali nywele zao zikinyonyoka. Nywele za mtoto nazo zilikuwa zimepungua. Muuguzi akawaambia madaktari kwamba dalili hizo zafanana na za sumu ya thaliamu. Maabara ya polisi wa London ikapima, ikaikuta thaliamu. Nyumbani kwao ilikuwa ikitumika sumu ya mende na panya. Mtoto alitibiwa akapata nafuu, na madaktari walipoandika habari yake katika jarida la kitabibu walimshukuru Christie, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia, na muuguzi aliyekuwa akikisoma kitabu chake. Kwa wasiojua: thaliamu haina ladha wala harufu, huanza kwa kuumiza tumbo, hufuatia kwa maumivu makali ya nyayo na miguu, na nywele huanza kutoka baada ya majuma mawili au zaidi. Leo hutibiwa kwa buluu ya Prussia, ambayo huinasa ndani ya utumbo.

(Tumewafichulia wasomaji siri ya kitabu kimoja. Wajifariji kwa utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa mwaka 2011, ambao wasomaji walioambiwa mwisho mapema walizifurahia hadithi zaidi, hata za upelelezi. Waliowafuata hawakupata matokeo hayo kwa kila aina ya hadithi, kwa hiyo tunawaomba radhi nusu.)

Je, kuzama huko kwaweza kumfaa aliyelazwa? Kwaweza. Maumivu huhitaji kusikilizwa, na ubongo ulioishughulisha sikio yake kwingine huyasikia kwa mbali. Ndiyo maana wagonjwa wa majeraha ya moto katika hospitali kadhaa za Marekani wamevishwa miwani ya ulimwengu wa kompyuta wakati vidonda vikisafishwa, na wakasema maumivu yalipungua. Hadithi hazihitaji miwani hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya watoto 81 waliolazwa katika vyumba vya uangalizi mahututi. Baadhi walisimuliwa hadithi kwa nusu saa hivi, wengine wakategewa vitendawili kwa muda uleule na wasimulizi walewale. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliosimuliwa hadithi walipungukiwa zaidi na kotisoli, homoni ya msongo, waliongezekewa zaidi na oksitosini, maumivu yao yalipungua zaidi, na baadaye walitumia maneno ya upole zaidi kuwaeleza wauguzi na hospitali. Hadithi zile hazikuwa za mauaji, ni kweli. Zilikuwa za watoto. Kwa mtu mzima anayengoja upasuaji, au aliyekaa saa nne katika kiti cha kusafishia damu, twaona riwaya ya siri ya mji mdogo inafaa kuliko gazeti, kwa kuwa gazeti humrejesha palepale alipotaka kupumzika napo. Asiyejua kusoma, au mwenye mtoto wa jicho, asomewe au asikilize redioni.

Wako wa kuachwa. Aliyenusurika ukatili, au aliyeuawa ndugu yake, aweza kukuta kwamba ukurasa wa maiti haumtoi hospitalini bali humrudisha usiku ule. Hapo muuguzi amwulize kabla ya kumpa kitabu, wala asimshurutishe kueleza kwa nini anakikataa.

Tulizungumze sasa deni ambalo wengi wetu hulilipa kesho yake asubuhi. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kwa usiku, na riwaya ya taharuki huzila saa hizo kwa njia mbili. Kwanza mwili uliochangamshwa haulali mara kitabu kifungwapo. Pili, kitabu chenyewe hakifungwi. Sura huishia mahali pabaya makusudi, na anayejiambia “namaliza sura hii nilale” amejiwekea miadi na ndoano. Ushauri wetu, ambao wasomaji wengi huucheka mpaka waujaribu, ni kuacha katikati ya sura, pale watu wanapokula chakula au wanapozungumzia mvua. Hapo hapana ndoano. Kifaa chenye mwanga huongeza tatizo. Katika utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2015, watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, usiku tano kwa kitabu cha karatasi na usiku tano kwa kifaa chenye mwanga. Kifaa kilipunguza melatonini, homoni ya usiku, kiliwachelewesha kulala kwa dakika 10 hivi, na asubuhi iliyofuata waliamka wakiwa wazito.

Kwa mtu mwenye afya deni hilo ni miayo na chai kali. Kwa wengine si hivyo. Mwenye kifafa aliyekesha yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka siku ifuatayo, hata akiwa amemeza dawa. Mwenye yale maradhi ya akili yanayompandisha mtu katika uchangamfu uliopita kiasi na kumshusha katika huzuni aweza kupandishwa na mikesha miwili tu. Na mikesha yenyewe, isiyohisiwa kuwa ya kuchosha, yaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba amekwisha kuanza kupanda. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akizama mpaka akasahau chakula baada ya sindano, aweza kutetemeka na kuchanganyikiwa akidhani ni taharuki ya kitabu. Dereva wa malori na muuguzi wa zamu ya usiku nao wajijue. Hakuna kati ya hawa tunayemkataza kusoma. Asome mchana, au aweke kengele ya simu mbali na kitanda, mahali ambapo hawezi kuizima bila kusimama.

Limebaki jambo ambalo wahudumu wa afya husahau kuliuliza, nalo ni la yule aliyekuwa akizama na sasa hazami tena. Sonona hupunguza uwezo wa kufurahi na uwezo wa kukaza fikra, na kitabu chahitaji vyote viwili. Dodoso la maswali tisa lijulikanalo kama PHQ-9, ambalo lipo pia kwa Kiswahili, lina swali kuhusu ugumu wa kukaza fikra katika mambo kama kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mgonjwa asiyekubali kwamba ana huzuni, hasa mwanamume mtu mzima aliyefunzwa kutolalamika, mara nyingi hujibu kwa urahisi akiulizwa: Mzee, siku hizi unasoma nini? Akisema kwamba alikuwa mpenzi wa vitabu, lakini sasa ukurasa mmoja anausoma mara tatu bila kuuelewa, na hata muuaji ni nani hajali tena, basi mhudumu avute kiti karibu na kuuliza maswali manane yaliyobaki kwa utaratibu, likiwamo la mwisho, la mawazo ya kujidhuru, ambalo wengi huliruka kwa haya.